Tulizika Upepo

Leiden, 9 Septemba 2004

Dada yangu Damaris,

Nakuandikia asubuhi, dirisha likiwa wazi, kwa sababu leo pengine ni siku ya mwisho ya joto huku na majirani wote wameamua kuitumia kukata miti. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini. Goti la kulia bado linabishana na ngazi. Daktari alinikataza chumvi, na juzi akanikataza kahawa. La chumvi nimelikubali. Wewe je? Jino lako limetulia? Wajukuu? Ghala la mpunga limeezekwa? Mara ya mwisho uliniambia mianzi imekatwa ila bado haijakauka. Hiyo ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Ni mianzi gani, dada, isiyokauka kwa miezi ishirini na miwili?

Nimeanza kugawa vitu vyangu. Usishtuke, ni kazi ya kawaida ya umri huu. Vitabu niliwapelekea watu wa maktaba niliyoitumikia miaka kumi na saba. Wakapokea nusu, nusu wakanirudishia pamoja na barua ya heshima. Kwako natuma kwa posta ya meli koti langu la sufu, la kijivu, kwa ajili ya baridi ya mlimani. Kifungo cha pili kutoka juu si chake. Cha asili kilipotea Prague mwaka 1968, nikashonea hiki cha kahawia. Usikibadilishe, nimekizoea.

Sasa neno lenyewe, nawe unalijua kabla sijaliandika. Nataka kurudi nyumbani. Sisemi matembezi. Nataka nife Buntu Lamba, nizikwe ndani ya mwamba alipozikwa mama. Nimekuuliza jambo hili mara sita. Nimehesabu katika nakala zangu. Zamani iliyonizuia ilikuwa serikali. Walininyang'anya pasipoti mwaka 1966, nikiwa mwanafunzi, kwa kuwa sikutia sahihi karatasi waliyotaka niitie. Lakini watu wale wameondoka, nami sasa nina pasipoti ya Kiholanzi, na balozi wetu mwenyewe alinipa mkono na keki. Hakuna anayenizuia tena ila wewe. Kila nikiuliza, unanijibu habari za barabara. Mara imekatika, mara imezibwa na udongo, mara daraja limekwenda na maji.

Hii ni mara ya saba. Nijibu bila barabara.

Kaka yako,
Yoel


Buntu Lamba, 2 Desemba 2004

Kaka Yoel,

Salamu zako zimefika zikiwa na afya kuliko mwenye kuzituma. Sisi hatujambo. Jino liling'oka lenyewe nikila mahindi, likanipunguzia safari ya mjini. Wajukuu watatu ni wazima, wa nne anajifunza kusema uongo na anaendelea vizuri. Mvua imeanza mapema. Nguruwe jike alizaa tisa, akalalia wawili.

Koti limefika, limefungwa kamba nne kama nguruwe wa sokoni. Karani wa posta pale Rantepao alitaka kujua kuna nini ndani. Nikamwambia, "Mwanamume." Akacheka, akapiga mhuri. Sijalivaa. Nimelikunja ndani ya kasha la mama pamoja na pilipili manga ili wadudu wasilile. Kifungo chako kipo.

Utataka kujua habari za Obaja, mtoto wa marehemu kaka yetu Kornelius. Ulimwacha ana miaka kumi na miwili, akikimbiza bata wa watu. Sasa ukimwona lazima umwangalie mara mbili: mara moja yeye, mara ya pili gari lake. Ana viwanda viwili vya kahawa, ana hoteli, ana malori, na mwezi wa sita mwakani anagombea ukuu wa wilaya. Hakuna nguzo ya umeme isiyo na uso wake. Mbuzi wangu amekula uso mmoja na hakudhurika.

Tena amekuwa mtu wa vitu vya kale. Huko Makassar amejenga jumba zima la kuviweka: milango ya kuchongwa, mapanga, vitambaa vya mababu, na sanamu za marehemu, zile tau-tau zetu ambazo wezi walizishusha kutoka kwenye roshani za majabali miaka ya themanini wakaziuza Ulaya. Anasema amezinunua moja moja kwa jasho lake, na kabla ya uchaguzi atazirudisha zote kwa wenyewe, kwa sherehe. Watu wanapiga makofi mpaka viganja vinawaka moto.

Ametoa na kitabu cha mali hizo, chenye picha za rangi. Mimi nimekipata kwa binti mmoja msomi kutoka Java, anaitwa Ririn, aliyeajiriwa kukiandika. Nakutumia wewe, maana wewe ndiye mtu wa vitabu. Kisome polepole. Usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka mistari ya Zaburi mama akisinzia.

Kuhusu neno lako la mara ya saba. Kaka, barabara ya huku juu ilikatika tena wiki iliyopita, safari hii karibu na shule.

Nisamehe.

Damaris


Leiden, 21 Februari 2005

Damaris,

Natumaini hujambo na watoto hawajambo. Hizo ndizo salamu nilizo nazo leo.

Kitabu kilifika Jumanne. Nikakisoma kama ulivyoniagiza, ukurasa baada ya ukurasa, kikombe cha chai mkononi. Milango. Mapanga. Bibi mmoja wa mti mwenye mkufu, ambaye nadhani ni wa ukoo wa mtoni. Kisha nikageuza, nikafika nambari 43.

Kwanza nilidhani ni baba. Halafu nikaona miwani.

Ngoja niandike kwa mpangilio, kwa kuwa tangu Jumanne nimekuwa nikizunguka chumba bila mpangilio. Ni sanamu ya mwanamume, ya mti wa mfenesi, imekaa. Juu ya jicho la kulia pana kovu. Mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, kiganja juu, na kidole cha mwisho kimeishia kwenye kiungo cha katikati. Mimi nilikikata kidole hicho kwa kisu cha kuvunia mpunga nikiwa na miaka minane, na wewe ndiye uliyekifunga kwa jani la mgomba ukaniambia nisimwambie mama. Na miwani, dada, ni ya waya uliopindwa, duara mbili ndogo, kama niliyonunua Makassar mwaka 1959 na niliyovaa kwenye picha ya kuagana.

Chini ya picha pameandikwa: "Mtu wa tabaka la juu, jina halijulikani. Mwisho wa karne ya kumi na tisa. Ilipatikana Brussels."

Niliweka mkono wangu wa kushoto juu ya ukurasa, kando ya mkono ule. Chai yote ilikuwa kwenye zulia, na mpaka leo sikumbuki niliimwaga saa ngapi.

Jioni alikuja Bi. Hoekstra, mjane wa ghorofa ya chini ambaye hucheza nami drafti. Nilimfungulia ukurasa tu. Akaweka mkono mdomoni. "Huyu ni wewe!" akasema. "Yoel, nani alikuchonga? Mbona amekutoa una huzuni hivi?" Ili kumjibu ningepaswa kumweleza lile ambalo wewe huhitaji kuelezwa. Kwetu hachongwi mtu aliye hai. Fundi hautii shoka mfenesi mpaka damu ya mnyama imwagike kwa ajili ya marehemu. Sanamu haipandishwi mwambani mpaka nyati wa kufugwa wameanguka chini ya panga, watu wamekula, na maiti imekwenda.

Nimekiweka kitabu ndani ya kabati la viatu. Usiku wa jana niliamka nikajipapasa uso.

Umenituma nikisome polepole. Ulijua nitakuta nini. Basi nakuuliza swali ambalo sikuwahi kufikiri mtu anaweza kumwandikia dada yake: mimi nilikufa lini?

Yoel


Buntu Lamba, 3 Aprili 2005

Kaka,

Barua yako niliisomea pale pale posta, nimesimama, mpaka karani akaniletea kiti. Hatujambo. Mpunga umekomaa.

Ulikufa Agosti mwaka 1978.

Nimeandika mstari huo, nikaenda kulisha nguruwe, nikarudi. Sasa naendelea.

Miaka kumi na miwili hatukuwa tumepata hata herufi moja kutoka kwako. Wengine walinong'ona umefungwa, wengine umeoa, na askari walikuwa wakija kumuuliza mama mpaka akaacha kutoka nje. Ndipo Obaja akapanda kutoka Makassar, kijana wa miaka ishirini na minane, amevaa nyeusi. Akasema amekutana na mtu aliyerudi kutoka Ulaya, na mtu huyo alikuona ukifa kwa mapafu katika hospitali ya Prague. Mama hakuuliza kitu. Alikuwa amechoka kungoja, akalipokea lile neno kama mtu anayeletewa kiti. Nami nikaamini.

Hakukuwa na maiti. Ne' Lumbaa, mzee wetu, ambaye wakati ule ndiyo kwanza amekabidhiwa mambo ya mila, akasema tufanye kama wanavyofanyiwa waliopotea mbali. Tukapanda kilimani, tukaelekea upande wa machweo, nami nikakinga kitambaa kwa mikono miwili, nikakuita. Kaka, upepo uliingia. Ulijaa ndani ya kile kitambaa kama mtu anayeketi. Nikafunga fundo, nikasema, "Karibu nyumbani." Tukakulaza chumba cha kusini, nikakuwekea chakula na kahawa kila siku kama anavyowekewa kila maiti, ambaye kwetu huitwa mgonjwa mpaka nyati wa kwanza aanguke. Nilikuhudumia majuma saba. Nilikuzoea.

Kisha sanamu yako ikapandishwa mwambani, wakaanguka nyati kumi na wawili. Tisa walikuwa wa Obaja, amewakopa kwa matajiri waliompenda. Na mila yetu hujaisahau: amchinjiaye marehemu zaidi ndiye apewaye zaidi mashamba yake. Akachukua matuta yako ya mpunga, akachukua na kile kilima cha kahawa ulichoachiwa na babu. Gunia lake la kwanza la kahawa lilitoka kilimani kwako. Yote uliyoyaona katika kitabu kile yameota pale.

Mwaka 1989 ikaja barua yako ya kwanza kwangu, mkononi mwa mmisionari uliyempa aniletee. Nilicheka na kulia mpaka kuku wakakimbia. Sikumwambia mtu, mama alikuwa keshakufa. Nikashuka Makassar siku ya pili, barua nikaiacha kashani. Obaja akanisikiliza, akafunga mlango, akasema, "Shangazi, tukisema yu hai, wale nyati kumi na wawili tulimchinjia nani? Bonde zima litatucheka mpaka wajukuu. Tena si mimi niliyefunga kitambaa. Ni wewe."

Neno hilo likanifunga mdomo miaka kumi na sita.

Wiki iliyofuata sanamu yako haikuwepo mwambani. Watu wakasema wezi. Mimi nilijua si wezi. Mwizi gani anamchukua Yoel wa juzi na kumwacha bibi wa kale mwenye bangili za shaba pembeni yake? Lakini sikujua ameipeleka wapi, mpaka binti Ririn alipokuja kuniuliza habari za vitambaa, amefungua ukurasa ule. Alipiga picha kila kilichomo ghalani kwa Obaja, na Obaja hasomi vitabu anavyochapisha. Hakuichoma moto, nadhani, kwa sababu hata yeye kuna kitu anakiogopa.

Umeona sasa kwa nini nilikuandikia barabara. Mtu aliyekwisha zikwa hana mahali pa kuketi katika nyumba ya ukoo, na hazikwi mara ya pili. Ningekuambia uje wapi? Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilimchelea jitu zima lenye malori.

Damaris


Leiden, 12 Mei 2005

Dada Damaris,

Nashukuru kwa barua. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nasimama pale unapokinga kitambaa. Sikukasirikii kwa ajili ya kitambaa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunikaribisha nyumbani tangu mwaka 1962.

Hapa tulipu zimekwisha. Goti ni lile lile.

Nilimwandikia Obaja ofisini kwake mistari mitatu, na nambari ya simu. Akapiga Jumapili. Ana sauti nene, nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti.

"Baba mdogo!" akasema. "Mungu ni mkubwa. Na mwandiko wako ni ule ule! Herufi zote zimelala upande mmoja kama mpunga baada ya mvua. Nimemwambia katibu wangu, hii hata isingekuwa na jina ningeijua."

Nikamwambia nimeona kitabu. Hakubabaika. Akaniambia ana nyumba Makassar inayotazama bahari, tupu, ina bustani. Ataniwekea muuguzi na mpishi, na wewe utaletwa kwa gari kila mwezi.

"Ila mlimani, baba mdogo, hapana. Ukipanda kule, utapanda ukiwa nani?"

"Nikiwa Yoel."

"Yoel alililiwa na watu elfu. Mimi mwenyewe nilimlilia. Hujui nilivyomlilia." Na sauti ikakatika kidogo. Cha ajabu ni kwamba nilimwamini. Nadhani alilia kweli.

Nilikuwa nimeshaweka simu chini, nasuuza kikombe, ndipo mkono ukasimama chini ya maji. Mwandiko ule ule na upi? Alipokuwa mtoto hakuwa akijua kusoma mwandiko wa mtu mzima, na tangu nilipoondoka nimemwandikia mara moja tu. Ilikuwa Novemba 1977. Barua za kijijini zilikuwa zikifunguliwa na askari, kwa hiyo nilimpa mtu aliyekuwa akienda Makassar aipeleke kwenye duka la kahawa ambako Obaja alikuwa karani. Nilimwandikia: niko hai, niko Prague, mwambie bibi yako na shangazi yako, waambie kwa siri. Sikupata jibu. Nikadhani barua ilipotea, na kwa hofu ya kuwaponza sikuandika tena kwa miaka kumi na miwili.

Haikupotea. Aliisoma. Aliukumbuka hata ulalo wa herufi. Alikaa nayo miezi tisa, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kisha akavaa nyeusi, akapanda mlimani.

Nimekaa na jambo hili siku nne bila kumwambia mtu. Nimekuwa nikimfikiria mama akilipokea lile neno kama kiti.

Damaris, sina namna ya kuuliza kwa upole. Je, ulijua habari za barua ile? Jibu kwa neno moja. Naweza kuishi na lolote, ila nataka kujua narudi kwa nani.

Yoel


Buntu Lamba, 30 Juni 2005

Sikujua.

Umetaka neno moja, ndilo hilo. Mengine haya ni ya kwangu, yasome ukiwa umekaa.

Kaka, barua yako ilifika. Niliishika kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia, haachi wala hasogei. Miaka yote hiyo nilidhani tulikosea pamoja, mimi na Obaja. Kumbe aliyekosea nilikuwa mimi peke yangu. Yeye alikuwa anajua.

Sherehe ya kurudisha sanamu ilikuwa Jumamosi ya tarehe 18, katika uwanja wetu wa mawe ya wafu. Siku tatu kabla yake binti Ririn akaja kwangu, amekunja uso. "Bibi, Bwana Obaja ameagiza nambari 43 ibaki Makassar. Anasema inahitaji matengenezo."

Nikamwambia, "Binti yangu, hebu niambie. Huku kwetu mlimani, karne ya kumi na tisa, nani alikuwa na miwani?"

Akafungua kitabu chake. Akaitazama picha. Nikaona masikio yanabadilika rangi. "Hakuna," akasema polepole. "Mungu wangu. Nimeandika nini hapa?"

"Umeandika ulichoambiwa. Mlete nyumbani."

Akamleta, amemfunga ndani ya sanduku lililoandikwa "viti".

Siku yenyewe kulikuwa na hema la njano, jenereta, vipaza sauti viwili, na watu kama siku ya mazishi makubwa. Wanaume walikuwa wanageuza mianzi iliyojazwa nyama motoni tangu alfajiri. Sanamu thelathini na moja zilikuwa jukwaani chini ya kitambaa chekundu. Obaja akakivuta mwenyewe. Mimi sikuangalia sanamu, nilimwangalia yeye. Macho yake yalipita kwenye safu, yakafika mwisho, yakarudi. Lakini ni mwanasiasa, kaka, kinywa kiliendelea peke yake: "Hawa ni wazee wetu! Nimewakomboa kutoka utumwani!" Watu wakashangilia.

Kisha ikaja zamu yetu wanawake, kuwabadilisha marehemu nguo kama tunavyofanya kila baada ya mavuno. Kila ukoo ukaenda kwa wake. Mimi nikabeba kikapu changu mpaka mwisho wa safu.

Lai Kombong, jirani yetu, akapiga kelele nyuma yangu, "Damaris! Huyo si Yoel wenu? Si aliibwa na wezi?"

"Ndiye."

"Kumbe amekwenda Ulaya mara mbili!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamvua lile shati lililooza, nikamvika koti lako. Mkono wa kushoto ulinisumbua, kile kidole kifupi kilinasa kwenye bitana. Mabegani lilikaa sawasawa. Nikafunga vifungo vyote, na kile cha kahawia.

Ne' Lumbaa alikuwa kwenye kiti cha mbele. Ana miaka tisini sasa na macho yamekwisha, yeye huona kwa vidole. Akaomba aletwe, akalishika koti, akalinusa. "Nguo gani hii? Haina harufu ya kasha la wafu."

"Ni koti, Ne'."

"La nani?"

"La mwenyewe."

"Alilivaa lini?"

"Mpaka mwezi wa tisa mwaka jana. Kisha akanitumia kwa posta."

Hapo, kaka, nilisikia jenereta peke yake. Mwanamke mmoja aliangusha sinia la wali na hakuna aliyegeuka. Obaja akasema kwa kipaza sauti, "Shangazi ameshikwa na jua, mleteeni maji." Nami nikatoa barua yako mfukoni mwa koti, hiyo ya Mei, nikampa mwalimu wa shule, kwa kuwa sauti yake inafika mbali. Akaisoma yote kwa sauti. Alipofika Novemba 1977 aliirudia tarehe hiyo mara mbili. Kuna watu waliokaa chini kwenye nyasi, watu wazima.

Watu wote wakamgeukia Obaja. Alikiweka kipaza sauti mezani, kwa adabu, kama anayerudisha kitu cha kuazima. Hakukana. Tuliokuwa karibu tulimsikia. "Shangazi, nilikuwa na miaka ishirini na minane. Sikuwa na kitu. Na yeye hakuwa anarudi."

"Hakurudi kwa sababu hukusema yupo," nikamjibu.

Ne' Lumbaa alikuwa bado ameshika koti. Akasema, si kwa nguvu, "Mimi ndiye niliyewapandisha kilimani. Tulizika upepo, na upepo hauna kaburi. Mtu wetu huyu hajafa. Basi kama hajafa na amelala bila kusema, sisi tunamwitaje?"

"Mgonjwa," akajibu Lai Kombong.

"Basi mnamweka uwanjani kwa nini? Mpelekeni nyumbani."

Vijana wakakubeba, na koti lako. Njia nzima watu walikuwa wanalia na kubishana. Ukoo wa Lai Kombong wanataka kujua nani atawarudishia nguruwe waliyemleta mwaka 1978. Nimewaambia wamdai mgonjwa akipata nafuu.

Obaja alikuja kesho yake kwa miguu, bila dereva, akakaa kwenye ngazi. Sikuwahi kumwona bila dereva tangu amiliki malori. "Shangazi, umenimaliza," akasema. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimemvisha mtu koti tu." Akatoa funguo za ghala la kahawa la kilima chako, akaziweka sakafuni. Nikazichukua. Kahawa sikumpa. Pengine siku nyingine. Matokeo ya uchaguzi utayapata redioni, mimi sikuyasikiliza.

Sasa uko chumba cha kusini, umeegemezwa ukutani na miwani yako. Kila asubuhi nakuwekea kikombe, kwa kuwa ndivyo anavyowekewa mgonjwa, na kila jioni nakwenda kumwaga nyuma ya ghala. Ni kahawa ya kilima chako, Yoel, nimeichuma kwa mikono yangu na kuitwanga. Nimechoka kuimwaga. Njoo uinywe.

Barabara ni nzima.

Damaris


Leiden, 25 Julai 2005

Damaris,

Salamu nitazileta mwenyewe. Nafika Makassar Jumatano tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi, na basi la kupanda mlimani linaondoka saa moja jioni. Bi. Hoekstra amechukua drafti na mimea. Daktari nilimweleza habari ya kahawa, kwa kirefu, kuanzia mwaka 1978. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakifuta kile alichoandika.

Waambie watu wa nyumbani wasimguse yule mgonjwa wala wasimvue koti. Nitakapoingia, nataka nimwinue mwenyewe, nikae mahali pake.

Kaka yako,
Yoel